Nje ya geti lako ni barabara: ufafanuzi kuhusu ugomvi wa maegesho mitaani Dodoma

Kwa miezi kadhaa sasa meza yetu ya malalamiko hapa halmashauri imekuwa ikipokea barua za aina moja. Kichwa cha habari hubadilika kidogo tu: "Malalamiko dhidi ya jirani kuziba geti", "Kuzuiwa kupaki mbele ya nyumba yangu", "Ombi la kuondolewa Fuso". Mwanzoni zilitoka zaidi Kisasa na Ilazo. Siku hizi zinatoka pia Nkuhungu, Makole, Area C na Nzuguni. Nyingine zina picha nzuri zenye tarehe na saa, jambo ambalo tunalishukuru. Nyingine zina matusi, na hizo hatuzijibu kwa maandishi.

Sababu haihitaji utafiti. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo leo ni Jiji la Dodoma. Ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, nyumba nyingi zilizojengwa kwa ajili ya familia moja isiyo na gari zimegawanywa vyumba na kupangishwa. Wapangaji wanne, magari matatu, bajaji moja. Barabara ya mtaa haikuongezeka hata hatua moja.

Tunaamini wengi wanaogombana ni watu wema waliochoka. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ugomvi huu inasimama juu ya madai ambayo hayapo kwenye sheria yoyote, na ni vizuri yasemwe wazi.

Dai la kwanza ni kwamba eneo la mbele ya nyumba ni la mwenye nyumba. Si lake. Chukua hati yako ufungue ukurasa wenye ramani ya upimaji. Utaona kiwanja kimefungwa kwa mistari inayokutana kwenye bikoni, yaani alama za mpaka zilizofukiwa ardhini, na kila bikoni ina namba. Haki yako inaishia kwenye mistari hiyo. Kinachofuata nje ya hapo ni barabara pamoja na hifadhi yake, hata kama hakuna lami, hata kama magari hupita upande mmoja tu na upande wako umeota majani. Wenye nyaraka za zamani za CDA, iliyokuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, nao wasidhani wana hadhi tofauti: mamlaka ile ilivunjwa mwaka 2017, kazi zake zikahamia halmashauri, na mipaka ya kiwanja inabaki ile iliyopimwa.

Dai la pili tunalisikia karibu kila wiki: "Mimi ndiye niliyemwaga moramu hapa." Tunathamini wananchi wanaochangishana na kuchonga barabara yao. Lakini mchango wa moramu haununui barabara. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ulioanzishwa mwaka 2017, na barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Ukitaka hata kujenga kivuko cha kuingilia kwako juu ya mtaro, unatakiwa kuomba kibali kwa msimamizi wa barabara husika. Wengi hawaombi. Wanatupa mawe na mifuko ya mchanga mtaroni ili gari lipite, kisha masika yanakuta mtaro umeziba na maji yanaingia kwa jirani wa bondeni. Hapo barua ya maegesho inageuka kuwa barua ya mafuriko.

Dai la tatu ni la ruhusa ya balozi. Balozi wa shina ni kiongozi wa chama. Busara yake inasaidia sana katika kupatanisha watu, nasi hatumdharau, ila karatasi yake si kibali cha kuweka mawe barabarani. Mwenyekiti wa mtaa naye, ingawa ni kiongozi wa serikali ya mtaa, hana mamlaka ya kumgawia mtu kipande cha barabara kiwe cha kwake peke yake.

Wapo wanaosikia haya wakashangilia upande wa pili: basi kama barabara ni ya wote, napaki ninapotaka. Hapana. Sheria ya Usalama Barabarani Na. 30 ya mwaka 1973, Sura 168, inamkataza mtu kuacha chombo mahali kinapozuia au kuhatarisha watumiaji wengine. Gari lililosimama sambamba na ukuta wa jirani, likiacha nafasi ya wengine kupita, ni jambo moja. Gari lililosimama mbele ya geti ambalo watu huingilia na kutokea ni jambo jingine, na hilo ni kizuizi hata kama dereva "ameingia dukani mara moja". Vivyo hivyo kwenye kona, kwenye makutano, na mahali ambapo gari la zimamoto likija halitapenya. Namba za STK au STL, yaani za magari ya serikali, hazibadilishi chochote katika aya hii.

Nitaeleza shauri moja kwa kirefu kidogo, bila kutaja wahusika. Ni mtaa mmoja upande wa Kisasa, barabara ya vumbi ambayo magari mawili hupishana kwa kuombana. Mlalamikaji aliweka nje ya geti ndoo mbili za rangi za lita 20 zilizojazwa zege, kila moja imechomekwa kipande cha bomba, na katikati kamba ya manila. Jirani wa ng'ambo, mpangaji mwenye Noah ya kubeba wanafunzi, alikuwa akizisogeza kila jioni na kupaki. Asubuhi moja akakuta matairi mawili hayana upepo na vali zimeng'olewa. Watoto wa watu wakabaki njiani na sare zao.

Walipokutanishwa, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji na polisi kata wakiwepo, mlalamikaji alileta hati kwa kujiamini. Tukapima kuanzia bikoni. Uzio ulikuwa sawasawa kabisa. Tatizo lilikuwa geti: mabawa yake mawili ya chuma yalifungukia nje, yakifagia karibu mita mbili za barabara kila yanapofunguliwa. Noah haikuwa imeziba mlango wa mtu. Ilikuwa imesimama mahali ambapo geti lilikuwa likivamia. Wakakubaliana kwa maandishi: geti ligeuzwe lifungukie ndani, ndoo ziondoke, Noah isimame upande wa pili usio na mlango, na vali zilipwe. Fundi wa kuchomelea alimaliza kazi ya bawaba siku hiyohiyo. Mwenye Noah alikuwa na haki ya kuendelea na jalada la polisi kuhusu matairi. Aliamua kutoendelea, na huo ulikuwa uamuzi wake.

Nimelieleza kwa sababu linaonyesha pia mlango gani unabishwa kwa jambo gani, na hapa ndipo wananchi wengi wanapopoteza muda.

Kama gari limeziba geti lako sasa hivi, mtafute mwenyewe. Gonga, piga simu, uliza dukani. Asipopatikana au akikataa, piga picha inayoonyesha namba ya gari na geti kwa pamoja, kisha wasiliana na polisi. Namba ya dharura ni 112. Usije ofisini kwetu na barua wakati mgonjwa yuko ndani na gari halitoki. Sisi hatuna gari la kuvuta gari la mtu, na barua hupita masjala kwanza.

Askari wa usalama barabarani akithibitisha kosa, utaratibu ni huu. Ataingiza namba ya usajili wa chombo kwenye mashine, ataandika kosa, na mashine itatoa karatasi yenye namba ya malipo. Faini ya kosa la taarifa, yaani linaloandikiwa papo hapo bila kwanza kwenda mahakamani, kwa gari ni shilingi 30,000. Kwa bodaboda na bajaji ilipunguzwa mwaka 2021 kutoka 30,000 hadi shilingi 10,000. Malipo hufanyika benki au kwa simu kwa kutumia namba hiyo, wala hakuna askari anayepaswa kupokea fedha mkononi. Muda wa kulipa ni siku saba, na ukipita deni huongezeka. Deni hukaa kwenye namba ya gari, si kwenye jina la dereva aliyekuwa akiendesha, kwa hiyo unayenunua gari kwa mtu kagua madeni kwanza, na unayemwazima shemeji gari ujue unamwazima pamoja na namba zako. Usipokubali kosa una haki ya kukataa kulipa na kuomba upelekwe mahakamani. Hakimu ataamua baada ya kusikiliza pande zote mbili. Ukilipa, unahesabika umekiri.

Kama tatizo ni la kila siku, jirani yuleyule, saa ileile, hilo ni la serikali ya mtaa. Andika barua fupi kwa mtendaji wa mtaa. Eleza lini, wapi, chombo gani, na mlishazungumza nini. Ukurasa mmoja unatosha. Historia ya ugomvi wenu tangu harusi ya mwaka juzi haihitajiki. Mtendaji na mwenyekiti watamwita mwenzako kwa barua ya wito, mtakaa, na mkikubaliana mtasaini. Serikali ya mtaa haina mamlaka ya kumpiga mtu faini kwa kosa la usalama barabarani. Ukidaiwa fedha yoyote, omba namba ya malipo na stakabadhi.

Kama kuna mtu amejenga, amechimba, amemwaga kokoto wiki tatu, amefungua gereji bubu au ameweka zege barabarani, hilo linawahusu msimamizi wa barabara na halmashauri. Tuletee taarifa kupitia kwa mtendaji wa kata ili iwe na kumbukumbu. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 inampa msimamizi uwezo wa kuondoa kilichowekwa kwenye hifadhi ya barabara, na gharama zinaweza kumfuata aliyekiweka.

Kama mnabishania mpaka wenyewe, yaani mmoja anasema kipande kile ni kiwanja chake na si barabara, basi mmetoka kwenye maegesho na kuingia kwenye ardhi. Njia yake ni nyingine. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata haliamui tena mgogoro wa ardhi, linasuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana, baraza linatoa cheti cha kuthibitisha hivyo, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila cheti hicho. Wakili kama wakili haruhusiwi kuwakilisha mtu kwenye Baraza la Kata. Kabla ya yote hayo, tafadhali muombe mpimaji akuonyeshe bikoni. Mashauri mengi ya namna hii yangekufa siku ya kwanza kama kuna mtu angefukua udongo akatazama namba.

Kuhusu kujichukulia hatua, hapa sitazunguka. Kutoa upepo, kuchora bodi kwa msumari, kuvunja kioo cha pembeni au kumwaga oili chafu ni kuharibu mali kwa makusudi. Chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura 16, kifungo chake kinaweza kufika miaka saba. Kulifunga gari la jirani mnyororo kwa kufuli ulilonunua sokoni si kazi yako, hata kama umeona katikati ya mji magari yakifungwa. Wapo waliokuja ofisini wakiwa walalamikaji wakarudi nyumbani na namba ya jalada kama watuhumiwa, kwa sababu walidhani kuzibiwa geti kunafuta kosa la kupasua kioo. Hakufuti. Ni makosa mawili, yanaandikwa kwa watu wawili.

Swali la turubai pia limekuja. Msiba ukitokea, jamii yetu inafunga njia na hakuna anayeuliza, na hatutarajii mfiwa atafute mihuri usiku. Mjulisheni mwenyekiti na polisi kata, acheni nafasi ya gari la wagonjwa na la zimamoto (simu 114), basi. Sherehe ni jambo linalopangwa. Kibali chake kinaombwa mapema kwa mtendaji wa kata, na polisi wakijulishwa. Kitchen party ya Jumamosi haiwezi kuitwa dharura siku ya Ijumaa jioni.

Limebaki la magari mabovu. Tunaulizwa kuhusu gari lililokaa mwaka mzima mbele ya uzio, matairi yamekufa, paka wamezaa ndani, mwenyewe hajulikani. Usilivute, usilichome, usiling'oe kifaa. Andika kwa mtendaji wa mtaa, naye atajulisha polisi wafuatilie kwa namba ya usajili au ya chesesi, kwa kuwa huenda liliibwa mahali na mwenyewe bado analitafuta. Utaratibu huu ni wa polepole, tunakiri. Lakini ukimwita mnunuzi wa chuma chakavu akalikata, utakayeulizwa gari lilikwenda wapi ni wewe, naye mnunuzi huyo hutampata kwenye simu.

Makala haya ni elimu ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili wala uamuzi wa chombo chochote kilichotajwa. Unapokuja kwetu kuhusu barabara yako, njoo na nakala ya ramani ya upimaji, picha, na barua ya mtaa kama umeshapita huko.