Nyuzi 60 za setilaiti si joto la hewa unayovuta

Kila linapopita wimbi la joto, simu yangu hujaa ramani nyekundu na swali lile lile: "Mtaalamu, kweli nyuzi 60? Watu si wameisha?" Julai 2023 ilikuwa Hispania. Sentinel-3, setilaiti ya Ulaya, ilipima zaidi ya nyuzi 60 jimboni Extremadura, watu wakatangaza rekodi ya dunia. Rekodi gani? Ya hewa ni 56.7, Death Valley, Marekani, 1913. Juni 2021 ilikuwa Siberia: nyuzi 48 za ardhi karibu na Verkhoyansk zikageuzwa za hewa, ilhali hewa ilikuwa kama 30.

Setilaiti haipimi hewa, jamani. Inapokea miali ya joto kutoka kwenye ngozi ya ardhi: udongo, lami, paa. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa kimo kivulini, ndani ya kibanda cheupe kinachopitisha upepo, mita moja na robo hadi mbili kutoka chini. Nenda Coco Beach saa saba mchana, uvue ndala. Mchanga utakurusha, na hewa ni 32 tu. Hapo hakuna anayeshangaa.

Halafu wapo wajanja: "Basi tutoe kumi tupate ya hewa." Kumi ya wapi? Majani yenye maji hukaa karibu na joto la hewa, udongo mkavu huiacha mbali, na usiku wa anga safi ardhi huweza kuwa baridi kuliko hewa. Namba ya kutoa haipo.

Wengine huniambia: "Setilaiti inaona kila mtaa, kila saa." Setilaiti za Meteosat hupiga picha kila dakika 10 hadi 15, ila kijisanduku kimoja cha picha ni kilomita kadhaa. Setilaiti za Landsat hukaribia mtaa, lakini kila moja hurudi baada ya siku 16, saa nne asubuhi na ushei, jua bado halijakolea. Pakiwa na wingu, umepima wingu.

La mwisho alinipa mteja mwenye maghala: paa lake la bati jipya lilionekana la baridi kwenye picha, akataka nimwandikie kwamba linapoza mji. Bati linalong'aa hutoa miali michache na huakisi anga lenye baridi, kwa hiyo picha isiyosahihishwa hudanganyika. Nilimwomba tupande ngazi akaliguse. Alikataa.