Kiu ya 2002: vile tunaisimulia na vile ilikuwa

Kila mara mambo yakichacha hapa Kenya lazima mtu ataje 2002. Ati siku hizo wananchi waliungana wakatoa Kanu, chama kilichokuwa kinatawala, basi hata sasa tukiungana tu kila kitu kitanyooka. Nilikuwa bado shule wakati huo lakini ile hewa naikumbuka, na naona hii hadithi tumeipaka sukari nyingi. Wacha nizichukue hizi dhana moja moja, zingine nitapita haraka kwa sababu hazina nyama.

DHANA: Watu wakichoka wote, serikali lazima iende.

Hii ndiyo inatupotosha kuliko zote. Watu walikuwa wamechoka kitambo sana. Uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ule wa kupanga foleni badala ya kupiga kura kwa siri, uliudhi hadi watu wa Kanu wenyewe, umesimama kwa laini ndefu unaona kwa macho yako halafu laini fupi inatangazwa mshindi. Saba Saba ya 1990, ile siku ya kudai vyama vingi, watu wakapigwa, wengine wakafa, Disemba 1991 kifungu cha 2A, kile kilichoruhusu Kanu peke yake, kikatolewa kwa katiba na vyama vingi vikarudi. Hapo si ungedhani kazi imeisha? Uchaguzi wa 1992 Rais Moi wa Kanu alipata kama asilimia 36. Yaani karibu watu wawili kwa kila watatu walimkataa na bado akaapishwa, kwa sababu hao waliomkataa walijigawa kwa Matiba, kwa Kibaki na kwa Jaramogi, kila mtu na kipande chake, na bado hatujagusa vita vya kikabila vya Rift Valley na mambo ya kura yenyewe. 1997 akapata kama 40, akarudi tena.

Kwa hivyo kiu ya mabadiliko ilikuwepo miaka kumi mizima bila kumtoa mtu. Kilichobadilika 2002 ni vitu vikavu ambavyo hakuna mtu huviimba. Moi alikuwa amemaliza vipindi vyake viwili kikatiba. Alipomchagua Uhuru Kenyatta awanie urais badala yake, wakubwa kadhaa wa Kanu wakakasirika wakatoka na watu wao, na tarehe 14 Oktoba pale Uhuru Park, Nairobi, Raila Odinga, mmoja wa waliotoka, akasema Kibaki tosha, upinzani ukawa na jina moja kwa karatasi. Halafu kura zikahesabiwa pale pale kituoni badala ya masanduku kubebwa hadi kituo kikuu cha eneo bunge, na mtu yeyote aliyewahi kuona sanduku likipakiwa kwa gari usiku anajua njiani kuna mambo. Kibaki akapata kama 62, Uhuru 31. Mimi hiyo ya kuhesabia kituoni naiweka juu kuliko mikutano yote ya hadhara mliyoona kwa TV.

DHANA: Ni jazba tu, ya vijana, ikipoa imepita.

Nenda uwaulize wale wamama wa Freedom Corner. Mwisho wa Februari 1992, wamama ambao watoto wao walikuwa jela kwa sababu ya siasa, wengi wao wazee wa vitambaa kichwani, waliingia Uhuru Park wakiwa na Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, wakakaa chini pale kona iliyokuja kuitwa Freedom Corner, wakasema hawali mpaka watoto waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi wakaja na rungu na gesi, na baadhi yao wakavua nguo mbele ya askari. Kama umelelewa kijijini unajua hiyo si vituko, mama wa rika la mamako akikuvulia nguo amekulaani, na kuna askari waligeuza uso. Wakafurushwa. Sasa hapa ndipo watu huachia hadithi na ndipo inaanza kunoga, kwa sababu hawakuenda nyumbani, walivuka wakaingia vyumba vya chini vya kanisa la All Saints na wakakaa huko karibu mwaka mzima, kulala, kupika, kuamka, kungoja, mpaka mapema 1993 wafungwa wao karibu wote wakawa wametoka. Jazba hailali kwa sakafu ya kanisa mwaka mzima.

DHANA: 2002 kila mtu alitaka kitu kimoja.

Kila mtu alisema neno moja, hilo nakubali. Tarehe 30 Disemba, siku ya kumwapisha Kibaki, Uhuru Park ilijaa mpaka watu wako juu ya miti, Kibaki ameletwa kwa kiti cha magurudumu na mguu wa plasta kwa sababu ya ajali ya mwanzo wa mwezi, Moi anarushiwa matope, umati unaimba yote yawezekana bila Moi kwa sauti ya wimbo wa kanisani. Baada ya hapo Gallup, wale wa kura za maoni, wakatuita watu wenye matumaini kuliko wote duniani, na haikuwa uongo, Januari masomo ya msingi yakawa bure na madarasa yakafurika, mwaka uliofuata mzee Maruge wa miaka 84 akavaa kaptula na soksi ndefu akaingia darasa la kwanza kule Eldoret. Kwa matatu abiria walikuwa wanamkataza konda kuwapa polisi kitu kidogo. Niliona hii mwenyewe, mama mmoja wa mboga alishuka na kikapu chake akamuuliza karao, yaani polisi, wewe hujasikia serikali imebadilika? Karao akaangalia kando kama mtoto ameshikwa na sukari.

Lakini chini ya hilo neno mabadiliko kila mtu alikuwa amefungia lake. Kuna aliyetaka kazi, kuna aliyetaka shamba, kuna aliyetaka tu mtu wa kwao aingie State House, na wakubwa wenyewe walikuwa na MoU yao, makubaliano ya kugawana viti, ambayo ilianza kuleta kelele hata kabla viti havijapata joto. Katiba mpya tuliahidiwa kwa siku mia moja. Ilipofika kwa kura Novemba 2005, walewale waliokumbatiana Uhuru Park walikuwa wamegawanyika ndizi na chungwa, ndizi ya ndiyo na chungwa ya hapana, na chungwa ikaangusha hiyo katiba kwa kama asilimia 58. Kiu hujua vizuri sana kile haitaki. Angalia Juni 2024, vijana walijua hawataki Mswada wa Fedha, tarehe 25 wakaingia Bunge, watu wakauawa, kesho yake rais akasema hatautia sahihi. Ukiuliza tarehe 27 sasa tunataka nini, kila kona ya mtandao ilikuwa na jibu lake.

DHANA: Matumaini yakivunjika watu wanazubaa tu.

Wengine, ndio. Lakini miaka mitano baada ya ule wimbo, kwa vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekufa na mamia ya maelfu wako kwa hema. Na miaka miwili na kitu baadaye, watu haohao wakapiga foleni wakapitisha katiba ya 2010 kwa asilimia 67. Sina fomula ya hapo.

DHANA: Kiu ya watu siku zote huangalia mbele.

Moi alipofariki Februari 2020 simu yangu ilijaa picha za maziwa ya Nyayo, yale aliyokuwa anagawia watoto wa shule, zile pakiti za pembe tatu tulizokuwa tunang'ata kona shuleni. Watu waliokuwa wanaimba bila Moi wakaanza kuandika enzi za Mzee maziwa yalikuwa bure. Na ni kweli yalikuwepo, yalianza 1979, hakuna anayebishana na utamu wa maziwa. Jina hilohilo la Nyayo liko pia kwa lile jengo la Nyayo House katikati ya Nairobi ambalo chini yake watu walifungiwa kwa vyumba vya maji, na vyumba vyenyewe vikafunguliwa tuvione mwanzo wa 2003. Mwanasiasa mwerevu anajua kuuza pakiti bila kutaja jengo, na biashara inaenda poa kabisa.

Mamangu ni mmoja wa wanunuzi. Juzi alikuwa anasifu vile siku hizo nidhamu ilikuwepo, unga ulikuwa bei nafuu, nikamuuliza mbona basi mlikuwa mnageuka kuangalia ni nani amekaa nyuma kwa basi kabla ya kutaja jina la rais. Akacheka. Akasema hayo ni mambo mengine, nimpitishie chai.