Mboga za friza: tunayoambiana na yalivo kweli

Ramadhani ikikaribia huku kwetu Mombasa kila mtu anaingia soko la Kongowea anarudi na mizigo utadhani ana mkahawa, na mimi ni mmoja wao. Mwaka jana nilirudi na kreti ya nyanya, mishiri (maharagwe mabichi ya maganda) kilo tano na mabenda, manake bei ilikua chini na yule mama aliniambia chukua yote mwanangu mi nataka kurudi nyumbani mapema. Nikaosha, nikakata, nikajaza friza. Wiki kadhaa baadae nikaitoa ile mishiri nikaipika, mavyaa akaonja kidogo akaweka kijiko chini akaniuliza, "Mwanangu, hii mboga ama chakula cha mbuzi?" Toka siku hio nikaanza kusoma na kuuliza, na nikaona mengi tunayoambiana kuhusu friza hayako hivo kabisa.

La kwanza ni hilo hilo lililoniponza: "osha, kata, tia friza, basi." Watu wanadhani baridi inasimamisha kila kitu. Ukweli ni kwamba mboga ina vimeng'enya ndani yake, ndo vilivoikuza na kuikomaza shambani, na baridi haiviui, inavipunguza kasi tu, kwa hivo mishiri yako iko mle ndani ngumu kama jiwe na bado inapoteza rangi na kushika ladha ya nyasi. Kinachovimaliza ni maji ya moto. Bandika maji mengi, kama lita 4 kwa nusu kilo ya mboga, yatokote kisawasawa ndo utie, na dakika uanze kuhesabu yakirudi kutokota. Minji dakika 1 na nusu, karoti za vipande na mchicha 2, mishiri na sukuma 3. Mabenda madogo 3, makubwa 4, na yaingie mazima, ukate kikonyo tu usifike kwenye mbegu, la sivo utapata sufuria ya mlenda. Mabiringani 4, na ukamulie ndimu kwenye maji yasije yakawa meusi. Na usiwe na haraka ya kuepua ati unaogopa kuivisha, mboga iliyopata moto nusunusu ni mbaya kuliko ambayo haikuguswa, manake ule moto kidogo unaviamsha vimeng'enya badala ya kuvimaliza.

Vitunguu, pilipili mboga na kotmiri havihitaji mambo yote haya, kata tia. Nyanya pia. Ndo maana zangu zilitoka salama wakati mishiri imeniaibisha, na utamu wake ni kwamba ukiitoa nyanya ya barafu ukaipitisha chini ya mfereji ganda linavuka lenyewe kama soksi. Ila ni ya mchuzi tu hio, ishalegea.

"Ukishachemsha iache ipoe yenyewe." Kwa joto la Mombasa hili? Itaendelea kuiva hapo hapo kwenye chujio. Inatoka motoni inaingia beseni la maji ya barafu papo hapo, ikae muda ule ule iliokaa kwenye moto, na maji ya mfereji peke yake hayatoshi manake mchana yanatoka vuguvugu, nunua barafu ama gandisha zako usiku. Alafu chuja, tandaza kwenye kitambaa safi ikauke. Mimi naitandaza kwenye sinia nalitia friza mpaka igande punje punje, ndo natia kwenye makopo, hivo nikitaka minji kiasi cha mkono mmoja nachota, sipigani na tofali. Toka mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku 2017 kopo la aiskrimu kwangu ni mali. Kwenye kopo jaza vizuri hewa isibaki nyingi, ila vitu vyenye maji maji kama nyanya za kusaga viachie nafasi juu, maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 na kifuniko kitaruka.

"Mboga ya friza haina vitamini, imekufa." Hili mavyaa wangu analipenda sana. Kweli yale maji ya moto yanaondoka na vitamini C kiasi na zile za B. Lakini angalia na hio tunayoiita freshi: vitamini C inaanza kupungua toka mboga ichumwe na joto linaharakisha, sasa mchicha uliokaa kibandani mchana kutwa alafu ukalala kwenye friji siku tano una nini cha kujivunia? Uliogandishwa siku ile ile mara nyingi uko sawa nao ama umeupita.

"Friza inaua vijidudu." Haiui, inavilaza. Mboga ikiyeyuka vinaamka na vinaendelea vilipoachia, kwa hivo kilichooza kikiingia kitatoka kimeoza. Ndo maana pia ile ya "iache kaunta iyeyuke kwanza" si nzuri, toa tia sufuriani moja kwa moja.

Alafu stima. Zikipotea tu watu wanaanza kugawia majirani. Friza iliyojaa ikifungwa vizuri inashika baridi kama saa 48, ya nusu kama 24, mradi usifungue fungue kuchungulia. Ukiwa unasafiri gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini ya kikombe ujue kila kitu kiliyeyuka kikaganda tena, tupa. Kama stima zimerudi na mboga bado ina chembe za barafu rudisha, itakua laini zaidi ila haina neno.

Na jamani, kale kafriza kadogo ndani ya friji ya mlango mmoja si friza. Mboga inataka nyuzi 18 chini ya sifuri, hapo ndo unaweza kuzungumzia miezi 8 mpaka 12. Kwenye hako kadogo hesabu wiki chache tu. Hata kwenye friza kubwa usishindilie gunia kwa siku moja, ya lita 100 usiipe zaidi ya kilo 4 mpya kwa siku, ikizidiwa inagandisha polepole na barafu inakua na vijiwe vikubwa vinavyopasua mboga ndani kwa ndani, ndo ule ulegevu.

Madoa makavu meupe kwenye mboga ya friza si ugonjwa, ni hewa imeikausha, kata pale upike.

Ila tango na letasi usijaribu. Nilitoa tango likawa kama kitambaa cha kuoshea vyombo. La kachumbari mtaamka asubuhi mwende kibandani kama watu wengine.