Jiko la nyumbani lenye leseni: maana yake Nairobi

Biashara halali ya chakula ya nyumbani ni ile ambayo jiko lake limekaguliwa na kupewa leseni, kila anayegusa chakula amepimwa afya, na chakula chenyewe kinauzwa kwa masharti ya aina yake. Mambo hayo matatu huenda pamoja. Wengi Nairobi husajili jina la biashara eCitizen, wakapata namba ya Lipa na M-Pesa, wakaamini wamemaliza. Jina lililosajiliwa huonyesha nani anamiliki biashara. Halisemi lolote kuhusu sufuria, maji wala mikono, na afisa wa afya ya umma akibisha hodi hataanza na cheti hicho.

Video nyingi za mtandaoni zinazofundisha kuuza keki na biskuti kutoka nyumbani zimetengenezwa Marekani, na humpotosha mpishi wa hapa bila kukusudia. Majimbo ya kule yana sheria maalumu za chakula cha nyumbani. Ya California, kwa mfano, ilipitishwa 2012, na inaruhusu vyakula visivyoharibika haraka kupikwa katika jiko la familia kwa masharti mepesi. Kenya haina kundi hilo. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali (Sura ya 254) na kanuni zake za usafi wa chakula za 1978 zinadai leseni kwa mahali popote ambapo chakula cha kuuza kinatayarishwa, kinafungashwa au kinahifadhiwa. Jiko la ghorofa ya tatu Umoja na jiko la hoteli ya Moi Avenue yanasimama mbele ya sheria moja. Kuna faida humo: hukatazwi chakula fulani kwa sababu tu unapikia nyumbani, wala hujawekewa kikomo cha mauzo. Lakini msamaha wa udogo pia haupo.

Kipengele kinachowaangusha wengi kimo katika Sheria ya Afya ya Umma (Sura ya 242). Mtu haruhusiwi kuishi wala kulala katika jiko au chumba ambamo chakula cha kuuza kinatayarishwa au kuhifadhiwa. Hebu tazama nyumba yako ukiwa na maneno hayo kichwani. Bedsita, ambayo kitanda na jiko viko ndani ya kuta zilezile nne, haiwezi kupita ukaguzi, hata ukiipiga deki mara tatu kwa siku. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala chenye jiko lililotengwa kwa ukuta na mlango inaweza kupita, mradi magunia ya unga na katoni za mafuta zisiwe chini ya kitanda. Hapo ndipo watu waliojiandaa vizuri hunaswa: jiko linang'aa, kisha afisa anauliza unga uko wapi, anaonyeshwa chumba cha watoto.

Sababu yake ni ya kiafya kabisa. Palipo na kitanda pana nguo chafu, vumbi la blanketi, mtoto anayekohoa na panya wanaofuata makombo. Kwa hiyo kabla ya kutumia hata shilingi moja, jiulize kama nyumba ina jiko lenye mlango na mahali pa ghala pasipolaliwa. Kabati refu la chuma lenye kufuli, likiwa sebuleni au kwenye ujia na mitungi yenye vifuniko ndani yake, linaweza kutosha kwa anayeoka keki chache. Anayepika chakula cha watu hamsini kila mchana anahitaji chumba.

Asiye na jiko la namna hiyo bado ana njia. Anaweza kukodi saa za jioni katika mkahawa ambao tayari una leseni, kwa makubaliano ya maandishi, na kumweleza afisa kwamba kazi itafanyikia pale. Kwa vitu vya kufungashwa, kama siagi ya karanga, achari na unga wa uji, taasisi ya utafiti wa viwanda, KIRDI, huwapokea wajasiriamali wadogo na kuwaruhusu kutumia mitambo yake. Ni heri hivyo kuliko kuhamia nyumba ya kodi kubwa kwa ajili ya biashara ambayo haijapata hata wateja kumi wa kudumu.

Kitu kingine cha kusoma mapema ni mkataba wa nyumba. Mikataba mingi ya Nairobi ina mstari unaosema nyumba ni ya makazi pekee, na mwenye nyumba akiamua kuutumia huna utetezi. Omba barua yake fupi ya ruhusa, inayotaja unachopika na saa zako za kazi. Yanayomfanya mwenye nyumba akatae baadaye ni yaleyale kila mahali: mabomba yaliyoziba kwa mafuta, moshi, na msururu wa boda getini. La kwanza lina dawa rahisi. Weka mtego wa mafuta chini ya sinki, ufute sufuria kwa karatasi kabla ya kuosha, na mafuta yaliyotumika uyaweke kwenye dumu badala ya kuyamwaga. Ukitaka kutoboa ukuta wa mbele ufungue dirisha la kuuzia, au kugeuza nyumba nzima kuwa jiko, hilo ni kubadilisha matumizi ya ardhi. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka idhini ya kaunti kwanza.

Afisa anapokuja huangalia mambo yanayojulikana, kwa hiyo hakuna sababu ya kushtukizwa. Kuta na meza ziwe za kuoshwa: vigae, chuma au rangi ya mafuta, si mbao mbichi. Choo kisifunguke moja kwa moja jikoni. Madirisha yawe na wavu, pipa liwe na kifuniko, na pawe na mahali pa kunawa mikono mbali na sinki la vyombo. Ndoo yenye bomba, sabuni na beseni vinaweza kuzungumzwa, lakini sinki moja kwa nyama, vyombo na mikono halitakubalika. Vibao vya kukatia viwe viwili angalau, cha nyama mbichi na cha vitu vinavyoliwa bila kupikwa tena.

Maji nayo ni swali zito katika mji ambao mitaa mingi hupata ya mfereji kwa zamu. Onyesha tangi au mapipa yenye vifuniko yanayotosha siku zako kavu. Maji ya mkokoteni yatibu kwa vidonge vya klorini kulingana na maelezo ya pakiti, au yachemshe, hata kama muuzaji anaapa ni ya mfereji. Kwa kuua vijidudu kwenye meza na vibao, kijiko kimoja cha chai cha jiki ya kawaida isiyo na manukato katika lita moja ya maji kinatosha. Osha kwa sabuni kwanza, suuza, ndipo upake, uache pakauke penyewe. Jiki juu ya uchafu haifanyi kazi, kwa kuwa klorini huishia kwenye mafuta na mabaki ya chakula.

Cheti cha afya ni cha mtu, si cha biashara, na hudumu miezi 6. Hupimwa kinyesi na kukaguliwa mwili, ngozi na mikono, kutafuta magonjwa yanayopita kwenye chakula kama homa ya matumbo na amiba. Dada wa nyumbani anayeosha sufuria za biashara anakihitaji, na kijana anayefunga chapati pia. Usinunue cheti kwa mtu asiyekupima. Mtu aliyebeba vijidudu vya homa ya matumbo anaweza kuwa mzima kabisa machoni na bado akawaambukiza watu kwa miezi. Na cheti hakimruhusu mgonjwa kupika: mwenye kuhara au kutapika akae mbali na jiko hadi saa 48 zipite tangu dalili zikome.

Kibali cha kaunti kimerahisishwa. Tangu 2023 Nairobi hutoa kibali kimoja cha biashara kilichounganisha leseni ya biashara, ya zimamoto, ya usafi wa chakula na ya matangazo, ambazo zamani zililipiwa moja moja. Huombwa na kulipiwa mtandaoni, lakini ushauri wetu ni huu: nenda kwanza kwenye ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo yako, ueleze unachotaka kupika na mahali. Kuna kaunti ndogo 17, na afisa wa eneo lako ndiye atakayekagua. Kuambiwa "rekebisha mlango huu" kabla ya kulipa ni nafuu kuliko kuambiwa baada ya kulipa. Kwa upande wa moto, mtungi wa gesi uwe wima mahali penye hewa, mpira wake usiwe na nyufa, na kizima moto cha unga mkavu pamoja na blanketi la moto viwe karibu na mlango. Vikiwa nyuma ya jiko, mafuta yakishika moto huwezi kuvifikia.

Sasa chakula chenyewe, maana hapa ndipo masharti yanapotofautiana sana. Chakula cha oda kinachopikwa na kuliwa siku hiyo, kama pilau, chapati au keki ya sherehe, hutosheka na kibali cha kaunti na vyeti vya afya. Ukikifungasha na kukiweka rafu ya duka kikiwa na jina lako, umeingia eneo la Shirika la Viwango, KEBS, na unahitaji alama ya ubora. Utaomba kibali, jiko litakaguliwa, sampuli zitapelekwa maabara, na matokeo yakifikia kiwango utapewa namba ya kuchapisha. Mteja anaweza kuihakiki namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, kwa hiyo kuchapisha ya uongo ni kujitangaza kuwa umedanganya. Mala na mtindi huongeza mlango mwingine, wa Bodi ya Maziwa. Nyama iwe imechinjwa machinjioni na kupigwa muhuri. Kuku uliyemchinja uani hauzwi kihalali.

Vyakula viwili tunawasihi wanaoanza wavifikirie mara mbili. Cha kwanza ni siagi ya karanga. Sumu ya aflatoksini hutoka kwa kuvu iliyoota kabla karanga hazijafika jikoni kwako, na kukaanga hakuiondoi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni mikrogramu 10 kwa kilo, kiasi kisichoonekana wala kuonjwa. Chambua karanga zilizokunjamana, zilizobadilika rangi na zilizovunjika, na upime kila shehena maabara. Cha pili ni achari na pilipili ya chupa. Usalama wake unategemea uchachu: pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho kikishuka uchachu huzidi, iwe chini ya 4.6, na kwa jiko dogo lenga 4.0 ili upate nafasi ya kukosea. Nunua kipima pH, maana ulimi hautambui tofauti ya 4.4 na 4.8. Kitunguu saumu kibichi kilichozamishwa kwenye mafuta, bila siki, kikakaa rafuni, ni hatari ya kuua: bakteria wa botulizimu hupenda mahali pasipo hewa na pasipo uchachu.

Chakula cha sufuria kubwa kina tatizo lake, nalo ni kupoa. Maharagwe ya lita 20 yaliyoachwa jikoni usiku hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na bakteria walionusurika kama mbegu ngumu huamka na kuzaana kati ya nyuzi 60 na 5 za Selsiasi. Wali na pilau ni vilevile, na sumu inayotengenezwa ndani ya wali haiondoki ukiupasha moto upya. Mimina chakula kwenye trei zisizozidi kina cha sentimita 5, zikae juu ya maji ya baridi, kishuke hadi nyuzi 21 ndani ya saa 2, kisha friji ikifikishe 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Kupasha upya kufike nyuzi 75 katikati. Kipimajoto cha chakula ni kifaa cha lazima kuliko mashine ya kukanda.

Kuhusu vifungashio, mifuko ya plastiki ya kubebea na ile bapa imepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na hiyo ni pamoja na vile vifuko vyembamba vya karanga na mandazi. Tumia karatasi za chakula, makasha ya kadibodi au vyombo vigumu. Lebo ya bidhaa iliyofungashwa itaje jina la chakula, viungo kuanzia kilicho kingi zaidi, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya shehena, na namna ya kuhifadhi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Karanga, maziwa, mayai na ngano zionekane waziwazi. Mizani unayouzia nayo lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri na idara ya vipimo kila mwaka. Usichapishe lebo elfu moja kabla ya kibali cha KEBS. Chapisha chache, kwa sababu maneno hubadilika baada ya ukaguzi.

Kodi ni fupi. Mauzo ya mwaka yakiwa kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25, kuna kodi ya mauzo ya asilimia 3, inayolipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Chini ya hapo bado unawasilisha ritani kila mwaka kufikia tarehe 30 Juni. Ofisi zinazoagiza chakula cha mchana mara nyingi zitakuomba ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA.

Tangu siku ya kwanza, weka daftari: tarehe, ulichopika, nani alipika, viungo vilinunuliwa wapi, namba ya shehena, na nani alinunua. Kila shehena ya bidhaa iliyofungashwa, bakiza pakiti mbili hadi tarehe yake ya mwisho ipite. Mteja akipiga simu akisema tumbo linamuuma, daftari na pakiti hizo ndivyo vitakavyokuwezesha kujua ni shehena ipi ya kurudisha na ni nani mwingine wa kumpigia simu asile.