Je, wajua kwa nini namba "ikivuka" alama ya sawasawa hubadilika?

Fungua madaftari ya hesabu ya Kidato cha Kwanza, utafute swali hili: 3x = 12. Jibu ni 4, lakini haitakuchukua muda kumpata aliyeandika 9, na mwingine aliyeandika −4. Mwalimu anapiga kosa kwa kalamu nyekundu na somo linaendelea.

Watoto hawa hawakubahatisha. Waliambiwa kwamba namba ikivuka kwenda upande wa pili hubadili alama, wakatii. Wa kwanza aliivusha 3, akaitoa kwenye 12, akapata 9. Wa pili alijua kwamba hapa panahitajika kugawanya, ila akakumbuka kuwa kila kinachovuka lazima kigeuke, akaweka alama ya hasi. Kanuni waliifuata vizuri. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaeleza kwa nini namba ipande kivuko ikiwa chanya na ishukie ng'ambo ikiwa hasi.

Ukweli ni kwamba hakuna namba inayovuka. Haijawahi kuvuka hata moja.

Chukua mizani ya sahani mbili, ile ya sokoni yenye mawe. Sahani ya kushoto weka mifuko miwili ya mchele iliyo sawa, ambayo hujui ina kilo ngapi, pamoja na jiwe la kilo 3. Sahani ya kulia weka mawe ya kilo 11. Mizani imetulia. Kwa maandishi hiyo ni 2x + 3 = 11. Sasa unataka kujua uzito wa mfuko mmoja, na jiwe la kilo 3 linakuzuia. Ukiliondoa peke yake, sahani ya kulia inazama. Ili mizani itulie tena, lazima uondoe kilo 3 kulia pia. Kushoto inabaki mifuko miwili, kulia kilo 8. Gawa kila upande mafungu mawili yaliyo sawa: mfuko mmoja ni kilo 4.

Tazama kilichotokea kwa ile 3. Kushoto ilikuwa ya kujumlisha. Mstari uliofuata, kushoto haipo, na kulia imeandikwa 11 − 3. Anayetazama mistari miwili bila kuona kazi iliyofanyika katikati ataapa kwamba 3 imeruka ikageuka. Haikuruka. Iliondolewa pande zote mbili kwa mkupuo mmoja: kushoto kuondolewa kwake kukaifuta, kulia kukaacha alama ya kutoa. "Kuvuka" ni ufupisho wa mtu anayejua, ambaye anaruka mstari mmoja kwa sababu haumsaidii tena. Tatizo ni kumpa ufupisho huo mtoto ambaye hajawahi kuuona mstari wenyewe.

Na 3x = 12? Ni mifuko mitatu dhidi ya kilo 12. Hakuna jiwe la kuondoa. Unagawa mafungu matatu kila upande, basi. Aliyeshika mizani kichwani hawezi kutoa 3, kwa kuwa hakuna kilo 3 popote kwenye sahani ya kushoto.

Neno lenyewe aljebra, jina la hesabu hizi za kutafuta namba isiyojulikana, linaeleza jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi. Karibu mwaka 820, mjini Baghdad, katika enzi ya khalifa al-Ma'mun, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha hesabu ambacho kichwa chake kilibeba maneno mawili: al-jabr na al-muqabala. Alikiandika kwa ajili ya shughuli za watu: mirathi, wasia, biashara, upimaji wa ardhi. Hakutumia x wala alama ya sawasawa. Kila kitu aliandika kwa maneno, na namba isiyojulikana aliita "kitu". (Jina lake likafika Ulaya kwa Kilatini likatupa neno algoridhimu, mtu mmoja, maneno mawili makubwa.)

Moja ya mifano yake ni huu: mraba mmoja (yaani kitu mara kitu chenyewe) ni sawa na vitu 40 kasoro miraba minne. Upande mmoja una upungufu, umemeguka. Al-jabr ni kuuponya: unarudisha ile miraba minne iliyopungua, na kwa kuwa upande huu umeongezewa, ule wa pili nao unaongezewa miraba minne. Sasa miraba mitano ni sawa na vitu 40, yaani mraba mmoja ni vitu 8, na kitu ni 8. Hakiki: 64 upande mmoja, 320 kutoa 256 upande wa pili. Nao ni 64.

Kwa Kiarabu, jabr ni pia kuunga mfupa uliovunjika, na nchini Hispania neno algebrista liliwahi kumaanisha mganga wa kuunga mifupa. Picha hiyo naipenda mno. Hatua ambayo leo mtoto anaambiwa ni kuvusha na kugeuza, ilianza kama tiba: penye pengo pajazwe, na upande wa pili upate haki ileile. Na al-muqabala, kuzikabilisha pande mbili ili kinachofanana kiondoke kote kuwili, si neno geni kwetu. Linatoka kwenye mzizi uleule uliotupa kabili na mkabala. Sisi wenyewe tuna neno zuri zaidi, mlinganyo, ambalo ndani yake mna kulinganya. Mtoto wa shule ya msingi anayesoma kwa Kiswahili amekwisha kuambiwa na lugha yake kwamba hapa kuna pande mbili zinazolingana. Akiingia sekondari nchini Tanzania, ambako hesabu hufundishwa kwa Kiingereza, neno hilo linapotea na linalochukua nafasi yake halimwambii chochote. Mwalimu anayesimama dakika tano kulirudisha hapotezi muda.

Lakini kuna jambo linaloanza mapema zaidi ya sekondari, nalo ni alama yenyewe, =. Ililetwa mwaka 1557 na Robert Recorde, mtaalamu kutoka Wales, aliyechoka kuandika maneno "ni sawa na" kila mara. Alichagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Kwake alama ile ilikuwa mizani. Kwa mtoto wa darasa la pili, ambaye kila siku anaona 5 + 2 = akitakiwa kujaza, alama ileile imekuwa amri: toa jibu.

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walieleza walichokiona walipowapa watoto swali 8 + 4 = □ + 5. Katika shule moja wanafunzi wote 145 wa darasa la sita waliandika 12 au 17. Hakuna hata mmoja aliyeandika 7. Kwa aliyeandika 12, alama ya sawasawa ilimaanisha jibu linafuata hapa. Aliyeandika 17 alijumlisha kila alichokiona. Kujumlisha walijua; pande mbili hawakuziona. Mtoto wa namna hiyo ukimwambia "fanya jambo lilelile pande zote mbili" hakuelewi, kwa sababu kwake upande wa kulia si upande, ni mahali pa kuweka jibu.

Herufi nazo zina mtego wake. René Descartes, mwanafalsafa na mwanahisabati Mfaransa, mwaka 1637, ndiye aliyeimarisha desturi ya kutumia x, y na z kwa namba zisizojulikana. Ni namba, narudia. Mwalimu anayesema "5m ni maembe matano" anarahisisha leo na kuharibu kesho. Katika utafiti uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza huko Marekani waliombwa waandike kwa herufi kwamba chuoni wanafunzi ni mara sita ya maprofesa. Zaidi ya theluthi moja walikosea, na kosa lililotawala lilikuwa kugeuza: wanafunzi mara 6 = maprofesa, badala ya maprofesa mara 6 = wanafunzi. Baadhi yao waliona herufi kama lebo ya watu, si idadi yao.

Niseme pia kwamba mizani ina mwisho wake. x + 5 = 2 haiwezi kupimwa sokoni; hakuna mfuko wenye uzito hasi. Hapo badilisha, tumia deni: mtu aliongezewa elfu 5 akabaki na elfu 2, basi kabla yake alikuwa anadaiwa elfu 3. Muhimu ni kwamba kazi ya mkono ni ileile, toa 5 huku, toa 5 kule, na iandikwe kamili kwenye mstari wake:

x + 5 − 5 = 2 − 5

Mstari huo wa katikati ningeudai daftarini kwa wiki nyingi, hata wanafunzi wepesi wakilalamika kwamba unawachelewesha. Siku mmoja wao atakapouruka, muulize umekwenda wapi. Akikuonyesha kwa kidole kilichoondolewa kushoto na kilichoondolewa kulia, muache auruke.

Na kama una mtoto wa shule ya msingi nyumbani, jaribu jioni ya leo. Mwandikie 7 = 3 + 4 na umuulize kama ni sahihi. Wapo watakaokwambia umeandika kinyumenyume.