Dawa za salfa kwa kuku na ng'ombe: maswali ya wafugaji wa Pemba

Swali: Vifaranga wangu wa hapa Wete wanaharisha damu, na dukani nimepewa salfa ya kutia katika maji. Inafanya kazi gani?

Jibu: Salfa ni dawa kongwe, mwaka 1932 huko Ujerumani, Gerhard Domagk aligundua kwamba rangi nyekundu iliyoitwa Prontosil, ambayo ndiyo salfa ya kwanza, iliwaponya panya walioambukizwa bakteria. Bakteria, pamoja na koksidia, vimelea wadogo wa utumbo ambao ndio huwaharisha vifaranga damu, hujitengenezea wenyewe asidi ya foliki, vitamini wanayoihitaji ili wazaliane, na salfa huizuia kazi hiyo, wakashindwa kuzaliana. Mnyama huipata foliki katika chakula chake, kwa hiyo yeye hakosi. Kwa kuwa salfa huwazuia tu vimelea wasiongezeke, na kinga ya mwili ndiyo inayowamaliza, usikatishe dozi kwa sababu kinyesi kimeanza kukauka. Kideri husababishwa na virusi, hivyo salfa haikitibu hata kidogo.

Swali: Nikizidisha kidogo, si watapona haraka zaidi?

Jibu: Hapana, na hapa nakuomba uwe mwangalifu sana. Wakati wa joto la kaskazi kuku hunywa maji mengi kuliko kawaida, kwa hiyo dozi inaweza kuzidi hata kama umepima vizuri. Salfa ikizidi, au ikitolewa siku nyingi mfululizo, huharibu figo na huweza kusababisha kuvuja damu mwilini; mfugaji akiiona damu hiyo hudhani ugonjwa umerudi, akaongeza dawa ileile inayowaua kuku wake. Fuata kipimo na siku zilizoandikwa, na ukiona damu baada ya dozi kwisha, mwite daktari wa mifugo kabla ya kurudia.

Swali: Idi imekaribia na wateja wameshaagiza. Naweza kuwauza mara tu dozi ikiisha?

Jibu: Kuku aliyepona hajawa tayari kuliwa. Dawa hubaki katika nyama, ini na figo kwa siku kadhaa, nayo huingia katika mayai na maziwa, wala kupika hakuiondoi kwa kutegemewa. Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, huruhusu mikrogramu 100 tu za salfadimidini, moja ya dawa za salfa, katika kilo moja ya nyama, na 25 katika lita ya maziwa. Wako watu ambao salfa huwatoa vipele na malengelenge, na wengi wao wanajijua kwa sababu vidonge vya SP, wanavyopewa wajawazito kujikinga na malaria, vina salfa. Lakini mtu huyo hana njia ya kujua kilichomo katika biriani ya jirani.

Soma muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye dawa, kisha uandike tarehe ya dozi ya mwisho kwenye mlango wa banda. Kama muda huo unapita siku ya Idi, mwambie mteja mapema atafute kuku kwingine. Kuku wanaotaga mayai ya kuuza wasipewe salfa kabisa; mweleze daktari kwamba wanataga, akuchagulie dawa nyingine.