“Tuwape nafasi pande zote mbili”: dhana potofu kuhusu vyombo vya habari na wanaokanusha UKIMWI

Oktoba 1993 gazeti la Sunday Times la London lilichapisha taarifa ndefu kutoka Kagera, Tanzania. Ujumbe wake kwa wasomaji wa Uingereza ulikuwa kwamba janga la UKIMWI linalosemwa Afrika halipo. Shahidi mkuu walikuwa wanandoa Wafaransa waliokuwa wakiendesha shirika la kusaidia yatima huko. Kagera hiyohiyo ndiyo iliyotoa wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa nchini mwaka 1983, na kila ukoo ulikuwa umeshazika. Nimeanza na gazeti hilo kwa sababu karibu kila utetezi unaotolewa leo na wahariri wanaowaalika studioni wakanushaji, yaani watu wanaokataa kwamba VVU husababisha UKIMWI au kwamba janga hilo lipo, ulitolewa pia wakati ule.

Dhana: Mwandishi aliripoti tu yale yaliyoonwa na watu wanaoishi hukohuko.

Kuishi mahali hakumpi mtu uwezo wa kuona virusi. Mtu mwenye VVU anaweza kulima, kuzaa na kucheza ngoma kwa miaka mingi kabla hajaugua, kwa hiyo macho peke yake hayawezi kuhesabu maambukizi. Kinachohesabu ni vipimo, na vipimo vilikuwepo. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden, walipima damu za watu wa Kagera na kukuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne wa Bukoba mjini ana VVU. Katika baadhi ya maeneo ya vijijini kiwango hakikufika hata asilimia moja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1990, miaka mitatu kabla ya taarifa ya London.

Ng’ambo ya mpaka, Masaka nchini Uganda, watafiti walifuatilia watu zaidi ya 9,000 wa vijiji 15 kwa miaka miwili. Matokeo yao yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 1994: watu wazima wenye VVU walikuwa wakifa kwa kiwango cha zaidi ya mara kumi kuliko majirani zao wasio navyo. Kijiji ni kimoja, chakula ni kilekile, mbu ni walewale. Anayesema vifo hivyo vilitokana na umaskini na malaria tu aeleze kwa nini viliwachagua wenye virusi.

Dhana: Haki ni kugawa muda sawasawa.

Kugawa muda sawa kunafaa pale watu wanapobishana juu ya kodi, katiba au ugawaji wa ardhi. Kama VVU husababisha UKIMWI si suala la maoni. Ukimweka daktari mmoja na mkanushaji mmoja mezani, kila mmoja dakika kumi na tano, msikilizaji anaondoka akiamini kwamba wataalamu wamegawanyika nusu kwa nusu. Hakuna aliyetamka uongo huo. Mpangilio wa viti ndio uliousema. Isitoshe, “vipimo vya VVU vinachanganya na malaria” husemwa kwa sekunde tano, ilhali kueleza kwamba jibu chanya hurudiwa kwa kipimo cha aina nyingine kabla mtu hajaambiwa kunahitaji dakika kadhaa za utulivu. Mwaka 2011 bodi ya usimamizi ya BBC ilichapisha tathmini ya mwanajenetiki Steve Jones, naye alionya kwamba kushika kanuni ya kutoegemea upande kwa ukali kupita kiasi kunayapa maoni ya wachache uzito yasiostahili katika habari za sayansi.

Dhana: Msikilizaji ni mtu mzima, apewe hoja zote aamue mwenyewe.

Hii inanigusa kuliko zote, maana inasikika kama heshima. Lakini mfikirie anayesikiliza. Ni mama aliyepewa majibu wiki iliyopita, hajamwambia mumewe, dawa amezificha chini ya nguo. Anatamani kuliko kitu chochote kusikia kwamba majibu ni ya uongo. Redio inamletea mtu mwenye shahada, mwenye sauti ya upole, anayemwambia hivyohivyo. Ataamua kwa kutumia nini? Hana maabara wala majarida. Anachokitegemea ni imani kwamba kituo hakiwezi kumweka hewani mtu wa kumpoteza.

Akiacha dawa za kufubaza VVU, virusi huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache. Akizimeza leo na kuziacha kesho, virusi vinaweza kujenga usugu. Akizitumia ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono na anaweza kuzeeka akiona wajukuu. Maisha hayo mawili yanaweza kutenganishwa na kipindi kimoja.

Dhana: Maneno tu hayaui mtu.

Afrika Kusini ilijibu. Mei 2000 Rais Thabo Mbeki aliitisha jopo la ushauri lililomjumuisha Peter Duesberg wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mkanushaji mashuhuri kuliko wote. Julai mwaka huo wanasayansi na madaktari zaidi ya 5,000 walitia saini Azimio la Durban kueleza kwamba ushahidi wa VVU kusababisha UKIMWI uko wazi. Serikali iliendelea kuchelewesha dawa, hata nevirapine ya kuwakinga watoto wachanga, hadi Mahakama ya Katiba ilipoilazimisha mwaka 2002. Watafiti wa Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba kuchelewa huko kati ya 2000 na 2005 kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000, na watoto wapatao 35,000 walizaliwa na maambukizi ambayo yangeweza kuzuiwa. Hoja zilizomfikia rais zilikuwa zimezunguka kwa miaka katika magazeti, na Sunday Times ilikuwa miongoni mwa yaliyozipa heshima.

Dhana: Kumkatalia mkanushaji ni kuua uhuru wa habari.

Duesberg hakunyamazishwa. Alichapisha hoja yake mwaka 1987 katika jarida la Cancer Research, na nadharia yake kwamba dawa za kulevya ndizo chanzo ikapimwa kwa data za wanaume wa San Francisco mwaka 1993: waliotumia dawa hizo bila kuwa na VVU hawakupata UKIMWI. Alisikilizwa, akajibiwa, akashindwa. Uhuru wa habari hauna deni la kumpa kipaza sauti kila mwaka kana kwamba swali bado ni bichi.

Dhana: Basi tusiliguse kabisa.

Hapana. Uvumi ukishaenea, kimya cha redio huonekana kama kukubali. Mwandishi aanze na ukweli, autaje uongo mara moja kwa kifupi, aeleze hila iliyomo, kisha arudi kwenye ukweli na aseme kliniki iko wapi. Mkanushaji akihojiwa, mahojiano yarekodiwe ili mhariri apate muda wa kukagua kila dai. Kipindi cha moja kwa moja hakifai.

Mwaka 2011 magari yalipojipanga kuelekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 kilichosemwa kuponya UKIMWI na kisukari, kamera zilifuata foleni, viongozi waliofika na ushuhuda wa waliojisikia nafuu. Foleni ilikuwa habari, sikatai. Ila mgonjwa aliyekuwa akitafakari kuacha vidonge alihitaji mwandishi wa kumuuliza kila aliyedai kupona: kipimo cha damu baada ya kikombe kimesomeka ngapi, na karatasi ya majibu iko wapi?